Tsvet: Mtaalamu wa mimea aliyevumbua kipimo, akafa kabla hakijathaminiwa

MAABARA nyingi duniani zinapotaka kujua kiasi cha vitamini, homoni au dawa kilichomo katika kipande kidogo cha ini au ubongo, hutegemea njia iitwayo kromatografia ya kimiminika.

Njia hiyo haikuanzia hospitalini. Ilianzia kwenye majani mabichi, mikononi mwa mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, aliyefariki dunia kabla wanakemia wengi hawajakubali kuwa alikuwa sahihi.

Tsvet alizaliwa Mei 14, 1872 katika mji wa Asti, Italia. Baba yake alikuwa Mrusi na mama yake, Mwitalia, alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Alikulia Uswisi, na mwaka 1896 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Geneva.

Mwaka huo huo alihamia Urusi, ambako alikumbana na kikwazo chake cha kwanza. Shahada ya Geneva haikutambuliwa huko, hivyo akalazimika kuanza upya. Alipata shahada ya uzamili Kazan mwaka 1901, kisha akaenda kufanya kazi Warsaw, mji uliokuwa chini ya utawala wa Urusi.

Swali lililomsumbua lilikuwa jepesi kulitamka, lakini gumu kulijibu: ndani ya jani la kijani mna rangi ngapi? Wanakemia wa wakati huo walitumia kemikali kali, ambazo mara nyingi ziliziharibu rangi zenyewe kabla hazijachunguzwa.

Tsvet alishindilia unga wa chaki katika bomba jembamba la kioo, akamimina juu yake rangi za majani zilizoyeyushwa, kisha akaendelea kumimina kiyeyushi kitupu. Rangi zilizoshikamana sana na chaki zilibakia juu, na zile zilizoshikamana kidogo ziliteremka haraka. Ndani ya bomba ikajitokeza mikanda ya kijani na ya njano, kila mmoja mahali pake.

Aliieleza njia hiyo mbele ya chama cha wataalamu wa elimu ya viumbe mjini Warsaw, Machi 21, 1903. Mwaka 1906 aliiandika katika jarida la wanabotania wa Ujerumani na kuipa jina la kromatografia, yaani maandishi ya rangi. Jina lake mwenyewe, Tsvet, kwa Kirusi lina maana ya rangi.

Hata hivyo, wanakemia hawakumpokea vyema. Mmoja wa wapinzani wake wakubwa alikuwa Leon Marchlewski, mtafiti wa klorofili kutoka Poland. Wengine walihofu kuwa unga ule hubadilisha vitu unavyovitenganisha.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilimvurugia maisha zaidi. Wajerumani walipoiteka Warsaw mwaka 1915, alilazimika kuhama. Mwaka 1917 aliteuliwa kuwa profesa huko Yuryev, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia, lakini vita vikamfuata huko pia. Alikimbilia Voronezh, na huko alifariki Juni 26, 1919 akiwa na umri wa miaka 47.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1931, Edgar Lederer na Richard Kuhn waliifufua njia yake mjini Heidelberg, Ujerumani, walipotenganisha rangi za jamii ya karotini. Kuhn alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1938. Archer Martin na Richard Synge wa Uingereza walipata tuzo hiyo mwaka 1952 kwa kuvumbua aina nyingine ya kromatografia.

Kuanzia miaka ya 1960, pampu zenye shinikizo kubwa zilichukua nafasi ya kumimina kwa mkono. Leo kipande cha tishu husagwa, protini huondolewa, na majimaji yanayobaki hupitishwa katika bomba la chuma lililojazwa chembe ndogo sana. Kila molekuli hutoka kwa wakati wake, na kifaa maalumu hupima kiasi chake kwa kulinganisha na sampuli ambayo kiwango chake kinajulikana.

Molekuli nyingi zinazopimwa hivyo hazina rangi yoyote inayoonekana kwa macho. Hata hivyo, kipimo kimebaki na jina alilolitoa Tsvet, na kanuni yake ni ile ile ya bomba la chaki la Warsaw.