René Laennec: Tabibu Aliyeusikiliza Moyo Bila Kuupasua Mwili

Katika zahanati za vijijini, kuanzia Mkumbara hadi vitongoji vya mbali vya Handeni, chombo cha kwanza anachokutana nacho mgonjwa wa moyo ni kile kinachoning'inia shingoni mwa tabibu, yaani stetoskopu. Hakichomi, hakikati wala hakimwagi damu. Aliyekibuni ni Mkatoliki wa Ufaransa, René Laennec. Maisha yake yanafaa kufahamika, hasa kwa wale wanaoahirisha kwenda kupimwa kwa kuogopa kisu.

Laennec alizaliwa tarehe 17 Februari 1781 mjini Quimper, katika eneo la Bretagne. Alifiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka mitano, kisha akalelewa Nantes na Guillaume, ndugu wa baba yake, aliyekuwa daktari. Huko, akiwa bado kijana mdogo, alishuhudia umwagaji damu wa Mapinduzi ya Ufaransa na akaanza kujifunza uganga wa hospitalini. Mwaka 1801 alikwenda Paris kusoma chini ya Jean-Nicolas Corvisart, daktari aliyekuja kumtibu Napoleon. Alihitimu udaktari mwaka 1804. Katika miaka hiyo ambayo wasomi wengi walikuwa wameipa dini kisogo, yeye alijiunga na chama cha kitume cha vijana chini ya Bikira Maria, akadumu katika imani hadi kufa.

Matabibu wa wakati ule walikuwa na njia chache za kuujua moyo. Walishika mapigo ya mkono, waligongagonga kifua kwa vidole, au waliweka sikio moja kwa moja kifuani mwa mgonjwa. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker, Laennec aliletewa mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Kwa kuwa alikuwa mnene, kugonga kifua hakukusaidia. Na kumlalia kifuani kungemvunjia heshima. Laennec akakumbuka kwamba mkwaruzo mdogo kwenye ncha moja ya gogo husikika wazi kwenye ncha ya pili. Akaviringisha karatasi kwa kuzikaza, akaweka upande mmoja juu ya moyo na mwingine sikioni. Alisikia mapigo kwa uwazi ambao hakuwahi kuupata kwa sikio tupu.

Laennec alikuwa mpiga filimbi na fundi wa kukereza mbao, hivyo alijitengenezea bomba la mti lenye urefu wa sentimita 30 hivi. Alilipa jina kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, kifua na kutazama. Kwa miaka mitatu alisikiliza wagonjwa, akaandika alichosikia, na walipofariki akalinganisha maandishi yake na hali ya viungo vyao. Mwaka 1819 alichapisha kitabu chake. Hakupatia yote: sauti ya pili ya moyo aliieleza isivyo, na waliomfuata ndio waliotambua kuwa ni ya kufunga kwa vali.

Kifua chake mwenyewe kilikuwa kikidhoofika. Mwaka 1826 alirejea Bretagne. Jamaa yake Mériadec, naye tabibu, alimsikiliza kwa chombo kilekile, na aliyoyasikia yalikuwa dalili za kifua kikuu ambazo Laennec mwenyewe alikuwa amewafundisha madaktari. Alifariki tarehe 13 Agosti 1826 akiwa na umri wa miaka 45. Aliweza kuusikia ugonjwa, lakini dawa ya kuuponya haikuwepo.

Sisi tumejaliwa kuwa na vyote viwili. Mwaka 1905, Mrusi Nikolai Korotkov alionyesha jinsi ya kupima shinikizo la damu kwa kuweka stetoskopu juu ya mshipa wa mkono uliofungwa mkanda. Mwaka 1953, huko Lund nchini Sweden, Inge Edler na Hellmuth Hertz waliutazama moyo ukicheza kwa kutumia mawimbi ya sauti. Mawimbi hayo leo huonyesha pia damu iliyoganda katika mishipa ya miguu. Jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hutoa vipimo vya namna hiyo, na baadhi ya mishipa iliyoziba huzibuliwa kwa mrija mwembamba pasipo kufungua kifua.

Basi, anayeishiwa pumzi akilala chali, au anayevimba miguu yote miwili, asingoje. Anayevimba mguu mmoja ghafla na kuumia aende siku hiyohiyo. Mtoto mwenye homa na maumivu ya koo apelekwe zahanati, kwa maana koo lisilotibiwa laweza kuharibu vali za moyo. Na kwa kuwa presha mara nyingi haina dalili, mtu mzima apimwe hata akijiona mzima. Kupimwa si kupasuliwa. Kwa wengi kikwazo ni nauli ya kutoka Mkumbara hadi Korogwe au Tanga. Hapo ndipo jumuiya ndogondogo zinaweza kuchangia mapema, mgonjwa angali anatembea, badala ya kungoja kuchangia mazishi.