Ambroise Paré, mupasuaji mwenye aliandika namna muundi wake ulivunjika

Tarehe 4 mwezi wa tano mwaka 1561, Ambroise Paré, mupasuaji wa mufalme wa Ufaransa, alitoka Paris kwenda kuona wagonjwa katika kijiji cha Bons-Hommes, karibu na muji. Alikuwa pamoja na wapasuaji wenzake wawili, Richard Hubert na Antoine Portail. Walipaswa kuvuka muto Seine. Paré alimuchapa farasi wake kafimbo nyuma ili aingie katika mashua, na farasi akarusha teke. Muguu wa kushoto ukavunjika mara moja.

Akiogopa teke la pili, Paré alirudi nyuma hatua moja, akaanguka chini. Ncha za mifupa zikatoboa nyama, soksi na kiatu. Wakamubeba ndani ya mashua, na kila mutikisiko wa maji ulisugua mifupa ile ndani ya nyama. Alikuwa na miaka karibu 50.

Alijua vizuri hatari yake. Wakati ule, mufupa wa muundi ukitoka nje ya ngozi, kidonda kilioza mara nyingi, na mugonjwa alichagua kati ya kukatwa muguu na kufa. Paré mwenyewe alikuwa amekata miguu mingi vitani.

Alizaliwa karibu mwaka 1510 huko Bourg-Hersent, karibu na muji wa Laval. Hakusoma universite wala Kilatini. Alijifunza kazi ya kinyozi, kwa maana vinyozi ndio walipasua majipu, walitoa damu na kufunga vidonda, na waganga wenye elimu kubwa waliona kazi ile ya mikono kuwa ya watu wa chini. Kisha alitumika katika hopitali ya Hôtel-Dieu ya Paris, na baadaye akafuata jeshi la Ufaransa kule Italia. Huko, vidonda vya risasi vilichomwa na mafuta yenye kuchemka, kwa kuwa wapasuaji waliamini kwamba baruti ni sumu. Siku moja mafuta yakaisha. Paré akapaka askari wenye walibaki dawa ya kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, na usiku ule hakupata usingizi, akiogopa kuwakuta wamekufa. Asubuhi akakuta wale wa dawa ya yai wametulia, na wale wa mafuta ya moto wana homa, maumivu na uvimbe. Akaandika jambo hilo, na mwaka 1545 akalitoa katika kitabu kwa Kifaransa, luga yenye vinyozi wenzake waliweza kusoma. Mwaka 1552, vitani tena, akaanza kufunga mishipa ya damu kwa uzi nyuma ya kukata muguu, pahali pa kuichoma na chuma cha moto.

Mutu wa tabia ile, muguu wake ulipovunjika, alifanya kazi hata akiwa mugonjwa. Katika nyumba moja ya kijiji, walimufunga na vitu vyenye vilipatikana: ute wa yai, unga wa ngano, masizi ya tanuru na siagi. Alimuomba Hubert asahau urafiki wao na asimuhurumie kuliko mutu asiyemujua. Alimuelekeza avute muguu mupaka unyooke, apanue kidonda na wembe kama ni kidogo, na atafute vipande vya mifupa na vidole kuliko na chombo, kwa sababu vidole vinahisi vizuri zaidi. Picha ya radio ya mifupa ilikuwa mbali bado: Röntgen alivumbua miali yake mwaka 1895.

Akarudishwa nyumbani kwake. Homa ikaja, usaha pia. Usiku mumoja, akiwa katika usingizi, musuli ulikaza kwa gafula, mifupa ikahama, wakapaswa kuinyoosha tena. Hata kisigino chenye kilimuuma juu ya kulala muda murefu aliandika habari yake. Muguu haukukatwa. Ulipona, na Paré hakuchechemea.

Aliingiza habari hiyo yote katika vitabu vyake vya upasuaji, sehemu yenye kuzungumuzia mifupa yenye kuvunjika. Mwanzo wa fishi yake hauna kasoro: tarehe, pahali, muguu wa kushoto, mifupa yote miwili, upana wa vidole vinne juu ya kifundo, ngozi imetobolewa, teke la farasi. Leo, karani wa hopitali anahitaji karibu mambo yale yale ili aandike kode. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa ya OMS, yenye waganga wa luga ya Kifaransa wanaita CIM, toleo la 10, kuvunjika kwa muguu chini ya goti kunaanza na S82. S82.1 ni muundi upande wa goti, S82.2 ni katikati yake, S82.3 ni mwisho wa chini. Namba ya nyongeza inasema kama kidonda kimefungika, 0, ao kiko wazi, 1. Teke la munyama kama farasi linaingia katika W55. Kwa Paré, karani angesitasita tu kati ya S82.2 na S82.3, juu ya vile vidole vinne. Lakini fishi yenye kusema tu «amevunjika muguu» haimusaidii hata kuanza, na munganga mwenye kumupokea mugonjwa kesho yake hajui kama kulikuwa kidonda chenye kinaweza kuoza.

Mwaka 1575, Paré alipokusanya kazi zake zote katika kitabu kimoja kikubwa, kitivo cha uganga cha Paris kilijaribu kukizuia. Kinyozi kuandika mambo ya uganga, tena kwa Kifaransa, ilikuwa kuvuka mupaka. Kitabu kikatoka hata hivyo. Alitumikia wafalme wane, akafa Paris tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1590, miaka 29 nyuma ya teke lile, akiwa angali na miguu yake yote miwili.