Tom Mboya: Bwana afya aliyesoma Oxford mwaka mmoja, akawafungulia mamia milango ya vyuo

KIJANA aliyejiunga na Chuo cha Ruskin mjini Oxford, Uingereza, mwishoni mwa mwaka wa 1955 hakuwa na cheti cha kumaliza shule ya sekondari. Alikuwa na umri wa miaka 25. Nyumbani Kenya alikuwa tayari katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na nchi aliyoiacha nyuma ilikuwa ikitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari. Jina lake lilikuwa Thomas Joseph Mboya.

Wakenya wengi humkumbuka Tom Mboya kwa mambo mawili: ufasaha wake jukwaani na risasi zilizomuua. Si wengi wanaozungumzia Mboya mwanafunzi, pengine kwa sababu masomo yake yalikatikakatika na hayakumpa shahada. Hata hivyo, ukitaka kuelewa ni kwa nini baadaye alihangaika usiku na mchana kuwatafutia vijana wa Kenya nafasi za vyuo ng'ambo, huna budi kuanzia hapo.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, katika shamba la mkonge la tajiri mzungu, Sir William Northrup McMillan, eneo la Kilima Mbogo karibu na Thika. Babake, Leonardus Ndiege, alikuwa msimamizi wa vibarua katika shamba hilo. Wazazi wake walikuwa wenyeji wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, lakini mtoto alikulia miongoni mwa watu wa makabila mbalimbali na kujifunza lugha zao. Faida ya jambo hilo ilionekana miaka mingi baadaye, alipoomba kura jijini Nairobi.

Shule yake ya kwanza ya bweni ilikuwa ya wamishonari wa Kikatoliki huko Kabaa, Ukambani. Kutoka hapo alikwenda Yala, Nyanza, katika shule ya St Mary's, kisha mwaka wa 1946 akaingia Mang'u, mojawapo ya shule chache za sekondari zilizokuwa wazi kwa Waafrika wakati huo. Alifaulu mtihani ambao ungemwezesha kuendelea hadi cheti cha Cambridge. Lakini karo ilikuwa mzigo mzito kwa babake, na wadogo zake nao walihitaji kusoma. Akayakatiza masomo.

Kwa kijana wa miaka 17 aliyependa vitabu, hilo lilikuwa pigo. Akatafuta chuo ambacho kingemfunza kazi pasipo kuitia familia yake gharama, na mnamo 1948 akaanza kusomea ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, pale ambapo leo ni Chuo cha Serikali cha Kenya. Wakaguzi hao ndio watu waliowaita mabwana afya: maafisa waliopita masokoni, mahotelini na kwenye vichinjio wakichunguza nyama, maziwa na usafi wa majengo.

Jeanes haikuwa shule ya kawaida. Miongoni mwa waliosoma humo walikuwa machifu, walimu, askari waliorejea kutoka Vita Vikuu vya Pili na wahudumu wa maendeleo ya jamii. Watu wazima hao, wengine wakiwa na wake na watoto, walichangamana na vijana waliotoka shuleni juzi. Katika mazingira hayo wanafunzi walimchagua Mboya kuwa rais wa baraza lao. Huko ndiko alikoshiriki midahalo, na akajitwalia pia sifa ya kuwa mcheza dansi hodari, jambo ambalo wapinzani wake hawakuchoka kumkumbusha alipokuwa mwanasiasa.

Ni rahisi kuudharau uongozi wa wanafunzi. Wengi huuona kama mchezo wa kuigiza siasa za wakubwa. Lakini kiongozi wa baraza husimama kati ya pande mbili: wenzake wanamtaka apaze sauti, na wakuu wa chuo wanamtaka awatulize. Asipojifunza kuzungumza na pande zote mbili, haaminiwi na yeyote. Kazi hiyo ndiyo Mboya aliyoifanya maisha yake yote, kwanza baina ya wafanyakazi na waajiri, kisha baina ya Waafrika na wakoloni. Aliianza Kabete akiwa hajatimiza umri wa miaka 20.

Alihitimu mwaka wa 1950 na mwaka uliofuata akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Hapo alikutana na ukuta. Mkaguzi Mwafrika alilipwa takriban sehemu moja kwa tano ya mshahara wa mzungu aliyefanya kazi ile ile. Siku moja, akiwa peke yake ofisini, mwanamke mzungu aliingia na chupa ya maziwa yaliyohitaji kupimwa. Mboya alimwamkia. Mwanamke huyo alitazama huku na huku, kisha akauliza iwapo hapakuwa na mtu yeyote humo ndani. Mboya hakuisahau siku hiyo, na alikuja kuisimulia katika kitabu chake cha mwaka wa 1963.

Badala ya kulalamika pembeni, aliurudia ujuzi wa Kabete. Alijitosa katika chama cha watumishi Waafrika wa baraza, akachaguliwa kukiongoza, na mwaka wa 1952 akakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za wilaya na miji. Kufikia Septemba 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho lililounganisha vyama vyote vilivyosajiliwa, ambalo baadaye lilijulikana kama KFL. Wakati huo huo alikuwa akisoma uchumi kwa njia ya posta kupitia chuo kimoja cha Afrika Kusini. Mchana alishughulikia kesi za vibarua waliofutwa kazi. Usiku alijibu maswali ya mitihani.

Hiyo haikuwa miaka ya kawaida. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa, na Juni 1953 chama cha KAU kikapigwa marufuku. Aprili 1954, katika msako uliopewa jina la Anvil, maelfu kwa maelfu ya wakazi wa Nairobi walizolewa na kupelekwa vizuizini. Vyama vya wafanyakazi vikabaki kuwa karibu jukwaa la pekee la nchi nzima ambako Mwafrika angeweza kusema bila kuvunja sheria. Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya alikwenda pwani kuwapatanisha na waajiri. Suala hilo lilipelekwa mbele ya mwamuzi, na wafanyakazi wakaongezewa mshahara. Jina la Mboya likavuma.

Ni katika kilele hicho ndipo alipoamua kurudi darasani. Baadhi ya watu walishangaa. Kiongozi gani huacha uwanja wakati ngoma imekolea? Lakini Mboya alijua upungufu wake. Alikuwa akikaa meza moja na wanasheria na wachumi wa waajiri, ilhali masomo yake mwenyewe yalikuwa ya kudokoadokoa. Alipopata ufadhili wa Workers' Travel Association, shirika la usafiri la wafanyakazi wa Uingereza, hakusita.

Ruskin ilimfaa kama kiatu kilichokatwa kwa kipimo chake. Chuo hicho kilianzishwa mwaka wa 1899 kwa ajili ya wafanyakazi ambao hawakupata nafasi ya kusoma walipokuwa vijana. Hakikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Oxford, lakini wanafunzi wake waliruhusiwa kuhudhuria mihadhara ya chuo kikuu. Wachimbaji wa makaa ya mawe, wahudumu wa reli na makarani walisoma pamoja huko. Hapakuwa na aliyemuuliza Mboya cheti cha Cambridge.

Alisomea siasa, uchumi na mahusiano ya wafanyakazi na waajiri. Kwa maelezo yake mwenyewe baadaye, mwaka huo ulimpa imani zaidi katika uwezo wake na ukamfunza kutegemea vitabu kama chemchemi ya maarifa. Vilevile ulimzoesha mijadala mikali ambamo mtu hupingwa hoja kwa hoja bila kufanywa adui. Kwa mtu aliyetoka katika nchi ambako neno moja lingeweza kumtia mtu kizuizini, hilo halikuwa jambo dogo. Alitumia pia nafasi hiyo kuzungumza mbele ya Waingereza waliotaka kujua yaliyokuwa yakitendeka Kenya, na watu wengi waliosoma habari za Mau Mau magazetini walikutana kwa mara ya kwanza na Mkenya aliyewaeleza upande wa pili kwa Kiingereza kilichonyooka.

Tunda la mwaka huo lilikuwa kijitabu kuhusu suala la Kenya kilichochapishwa mwaka wa 1956. Ndani yake alichambua ardhi, mishahara na ubaguzi, akadai haki ya kura kwa watu wote. Dibaji iliandikwa na Margery Perham, msomi wa Oxford aliyeheshimika mno katika masuala ya utawala wa makoloni. Bwana afya wa Nairobi alikuwa sasa akisomwa na wakubwa waliozoea kuwasikiliza walowezi peke yao.

Kabla ya kurejea nyumbani alizuru Marekani mwaka huo huo wa 1956. Huko alifahamiana na mfanyabiashara kijana, William Scheinman. Urafiki wao ulizaa matunda ambayo hakuna aliyeyatazamia wakati huo.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wabunge wao kwa mara ya kwanza, viti vinane tu. Kura yenyewe ilikuwa ya masharti: elimu, mapato na utumishi vilihesabiwa, na mtu mmoja aliweza kupewa hadi kura tatu. Jijini Nairobi Mboya alikabiliana na Clement Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza kuwa wakili nchini, mtu aliyekuwa na shahada na aliyewatetea washukiwa wa Mau Mau mahakamani. Mboya alishinda kwa kura chache. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa mataifa yote ya Afrika ulioandaliwa na Kwame Nkrumah mjini Accra.

Lakini lile la karo ya Mang'u lilikuwa bado halijamtoka moyoni. Kenya haikuwa na chuo kikuu kamili, Makerere nchini Uganda ilichukua wachache, na uhuru ulikuwa ukinukia. Nani angeendesha ofisi wakoloni wakiondoka? Mwaka wa 1959 Mboya alizunguka Marekani akihutubia vyuo kimoja baada ya kingine, akiomba nafasi za ufadhili badala ya pesa. Chuo Kikuu cha Howard kilimtunuku shahada ya heshima. Scheinman na wenzake walianzisha wakfu wa kugharimia nauli, na watu maarufu, akiwemo mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwanamuziki Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, waliwaomba Wamarekani wachange. Dkt Julius Kiano na Kariuki Njiiri walisaidia kuwachagua wanafunzi. Vijijini, wazazi waliuza mifugo na majirani wakafanya michango ili mtoto apate za matumizi.

Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Serikali ya kikoloni haikufurahia. Maafisa wake walidai kuwa shahada za Marekani zilikuwa hafifu. Mwaka uliofuata, serikali ya Marekani ilipokataa kulipia safari nyingine, Mboya alimwendea Seneta John F. Kennedy, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kufikia 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki na ya Kati walikuwa wamenufaika. Miongoni mwa waliosafiri mwaka wa 1960 alikuwemo msichana kutoka Nyeri, Wangari Muta, aliyekwenda kusoma baiolojia jimboni Kansas. Ulimwengu ulimjua baadaye kama Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka wa 2004.

Haitakuwa haki kumchora Mboya kama malaika. Mahasimu wake walimsuta kwa kutegemea fedha za Wamarekani, na shutuma hizo hazikuwa za bure, kwani vyama vya wafanyakazi vya Marekani vilimfadhili kwa miaka mingi. Akiwa waziri baada ya 1962 aliwabana wagomaji kwa namna ambayo Mboya wa bandarini Mombasa pengine asingeikubali. Mwaka wa 1966, katika mkutano wa KANU mjini Limuru, alikuwa fundi mkuu wa mbinu zilizomng'oa Jaramogi Oginga Odinga katika wadhifa wa makamu wa rais wa chama. Yule aliyejifunza Ruskin kupingana bila uadui alishiriki kuubana uwanja wa kupingana nyumbani. Upanga aliounoa haukumlinda: baada ya Odinga kuondoka, waliobaki chamani walianza kumtazama yeye.

Jumamosi ya Julai 5, 1969, muda mfupi kabla ya saa saba mchana, Mboya alikwenda katika duka la dawa la Chhani, barabara ya Government ambayo sasa ni Moi Avenue. Alipotoka alipigwa risasi. Alikuwa waziri wa Mipango ya Uchumi, na umri wake ulikuwa miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alipatikana na hatia na kunyongwa mwaka huo huo, lakini swali la nani aliyemtuma halijawahi kujibiwa. Mboya alizikwa Rusinga.

Wakati huo wengi wa vijana aliowasafirisha walikuwa wamekwisha kurudi na kuingia katika wizara, hospitali na madarasa ya nchi. Wangari alikuwa amerejea mwaka wa 1966 na alikuwa katika chuo kikuu jijini Nairobi, hatua chache tu kutoka mahali risasi zilipolia. Mwaka uliofuata mauaji hayo, 1970, chuo hicho kilifanywa Chuo Kikuu cha Nairobi, cha kwanza kamili nchini Kenya.