Maisha ya Abubakar ar-Razi, Mpambanuzi wa Maadini

Ama baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake, utanisamehe, ewe msomaji wa mwambao, kwa kukupandisha hata nyanda za juu, Makambako, penye njia panda ya Njombe na Mbeya. Huku mzee mmoja alimkataza mwanawe kusoma kemia skulini, akidhani ni elimu isiyo na asili katika Uislamu. Kwa ajili yake naandika khabari za Muhammad bin Zakariya ar-Razi.

Alizaliwa Rayy katika nchi ya Ajemi, karibu na Tehran, mwaka 251 Hijriya, ndio 865 Miladiya. Ujanani alikuwa mpiga udi, na utabibu aliuingia umri umekwenda. Hata hivyo akasimamia hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad. Ndiye aliyetunga kitabu cha kupambanua ndui na shurua. Husimuliwa kuwa alitundika vipande vya nyama Baghdad apate kujua ni wapi penye hewa safi pa kujenga hospitali ya Adhudi. Lakini hospitali hiyo ilijengwa yeye amekwisha kufa zaidi ya miaka 50, basi kisa hicho tukiache.

Kazi yake kubwa katika kemia imo katika Kitab al-Asrar. Humo vitu vya ardhini alivigawa mafungu sita. La kwanza aliliita roho, nazo ni zile zipaazo motoni: zebaki, kiberiti, nishadiri na zarnikhi. La pili ni miili, iyeyukayo na kufuliwa, kama dhahabu, fedha, shaba na chuma. Kisha mawe, kisha jinsi za zaji, na shabu imo, kisha jinsi za buraki, na magadi yamo, kisha chumvi. Wala hakutosheka na majina. Alieleza vyombo na moto wake, na namna ya kuyeyusha, kuchuja na kukeneka, yaani kupandisha mvuke na kuupoza urudi kuwa maji.

Atakaye kuiona kazi ya namna hiyo na azuru Njombe, ambako kampuni ya miwati ilianzishwa mwaka 1949. Gome la muwati hutiwa katika maji moto. Maji hunyonya kile kikali kilichomo, gome likabaki makapi. Kisha maji huondoshwa kwa mvuke, kikabaki kitu kikavu cha kudibaghia ngozi. Nawe wajua kuwa katika madhehebu yetu ngozi ya mzoga, isipokuwa ya mbwa na nguruwe, hutwahirika kwa kitu kikali kama hiki, si kwa jua wala mchanga. Na huko Ludewa, jiwe la Liganga lina chuma kilichochanganyika na titani na vanadi, na kuvitenga si kazi nyepesi.

Sitaficha makosa ya ar-Razi. Aliamini kuwa maadini duni huweza kugeuzwa dhahabu, na hilo halikuwa. Na maneno yaliyonukuliwa kwake juu ya unabii wanavyuoni wameyakataa, nasi twayakataa. Al-Biruni naye aliichukia itikadi hiyo, lakini akakaa akaviorodhesha vitabu vyake, zaidi ya 180, kimoja kimoja. Mzee wa Makambako nilipomweleza haya alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama ada ya skuli ingali yapokewa.

Mwisho wa umri wake ar-Razi alipofuka macho. Alifariki Rayy, mwezi wa Shaabani, mwaka 313 Hijriya, ndio 925 Miladiya.