Henri Mignet, fundi aliyetaka kila mtu ajijengee ndege yake

Katika miaka ya 1930, Mfaransa mmoja aliwafanya maelfu ya watu wa kawaida katika inchi nyingi za Ulaya kuamini kwamba ndege si mali ya matajiri na wanajeshi peke yao. Kwa mbao, kitambaa na injini ya pikipiki, Henri Mignet aliruka. Wengine wakamfuata, na baadhi yao walikufa. Hii ni historia ya mtu aliyefungua mlango wa anga kwa raia, kisha akaona unafungwa mbele yake.

Henri Mignet alizaliwa mwaka wa 1893 huko Saintes, mji wa magharibi mwa Ufaransa. Alikuwa angali kijana wakati ndege za kwanza zilianza kuonekana Ulaya, na tangu hapo hakutaka tena kitu kingine. Akiwa bado hajafikia miaka 20, alikuwa tayari anajaribu kujenga chombo chake cha kwanza bila injini. Katika vita vya kwanza vya dunia alitumika jeshini kama fundi wa redio.

Kisha vita akajenga ndege moja kisha ingine. Nyingi hazikuruka vizuri. Tatizo ingine lilikuwa yeye mwenyewe: hakuzoea kamwe namna ya kawaida ya kuongoza ndege, ambamo mkono unafanya kazi moja na miguu inafanya ingine. Watu wengi wangeacha. Yeye aliona kwamba kama rubani anashindwa, basi ni chombo ndicho kinapaswa kubadilishwa.

Mwaka wa 1928 alijulisha wasomaji wa Les Ailes, gazeti la mambo ya anga, kwamba mtu asiye fundi wa kiwanda anaweza kujijengea ndege nyumbani. Ndege yake ya namba nane, HM.8, ilikuwa mfano. Wasomaji waliomba michoro, na baadhi yao wakaijenga kwa mikono yao. Lakini Mignet hakutosheka: HM.8 ilikuwa bado inaongozwa kwa namna ile ile iliyomshinda.

Chawa wa Angani

Pamoja na bibi yake Annette, alihamia katika pori dogo kaskazini-mashariki mwa Paris, upande wa Soissons, na kufanya majaribio mbali na macho ya watu. Huko ndiko ilitokea HM.14, ndege yake ya namba kumi na ine. Iliruka kwa mara ya kwanza katika Septemba 1933. Aliipa jina la Pou-du-Ciel, ni kusema Chawa wa Angani.

Ilikuwa ndege ndogo sana: mabawa ya metre karibu 6, na urefu usiofikia metre 4. Mwili wake ulikuwa sanduku la tiripleksi ambalo seremala yeyote angeweza kulijenga. Ilikuwa na mabawa mawili, moja mbele juu ya rubani na lingine nyuma yake karibu sana. Hakukuwa na pedali za miguu za kuongoza. Fimbo moja tu mkononi: kuivuta kuliinamisha bawa la mbele ili ndege ipande, kuisukuma upande kuligeuza mkia.

Mwaka wa 1934 Mignet alitoa kitabu, Le Sport de l'air, ambamo alieleza kazi yote hatua kwa hatua, tangu kuchagua ubao hadi kuruka peke yako. Kitabu kilinunuliwa haraka na kutafsiriwa kwa Kiingereza. Katika Agosti 1935 yeye mwenyewe alivuka bahari ya Manche, kutoka Ufaransa hadi Uingereza, ndani ya Chawa wake. Kutoka siku hiyo, garaji na nyumba nyingi za Uingereza zikageuka viwanda vidogo vya ndege.

Kazi ngumu ya kufunga injini

Mbao zilikuwa rahisi. Injini ndiyo iliyokuwa inaamua kama ndege itaruka ao hapana. Ndege ya Mignet ilitumia injini ya Aubier-Dunne yenye nguvu za farasi karibu 17, ya aina ya injini za pikipiki. Lakini kila mjengaji alitafuta ile aliyoweza kulipa. Waingereza wengine walifunga Carden-Ford, ambayo ilikuwa injini ya gari la Ford iliyogeuzwa kwa ajili ya anga. Wengine walitumia injini ya Scott, kampuni ya pikipiki.

Hapo ndipo hesabu zilianza kuwa za maisha na kifo. Katika ndege ndogo hivyo, injini ni kitu kizito kupita vyote, isipokuwa rubani mwenyewe. Ikiwa nzito zaidi ya ile ya mchoro, pua inalemea. Ikiwa nyepesi, mkia unalemea, na ndege yenye mkia mzito inaweza kumshinda rubani mara tu inapoacha ardhi. Kubadilisha injini kulilazimisha kubadilisha pia umbali wake na bawa, kisha kupima upya ndege yote mahali inaposimama sawa bila kuinama mbele wala nyuma.

Kuna pia mtetemo. Injini ya silinda mbili inatikisika bila kupumzika, na mtetemo huo unapita katika vyuma vya kuishikilia hadi kwenye mbao. Buloni iliyokazwa juu ya ubao mtupu inaponda ubao huo polepole, kisha inalegea. Kwa hiyo kila buloni inahitaji kipande cha chuma chini yake ili kutawanya nguvu, na kitu cha kuizuia isifunguke, kama vile pini ao waya. Tena injini inapaswa kuelekea sawa: ikipinda kidogo tu, propela inavuta ndege upande.

Mtu mwenye garaji aliweza kuyafanya hayo yote. Lakini hakuna mtu aliyeweza kuona, akiwa garajini, kosa lingine lililojificha katika mchoro wenyewe.

Mwaka wa 1936

Ajali zilianza kufuatana. Marubani kadhaa walikufa Ufaransa na Uingereza, na kati yao walikuwemo wanajeshi wenye uzoefu. Watu walioona ajali walieleza jambo moja: ndege iliinamisha pua, ikashuka moja kwa moja, na haikuinuka tena.

Mwaka wa 1936, Chawa mzima aliwekwa ndani ya tuneli ya upepo huko Farnborough, Uingereza, na huko Chalais-Meudon, Ufaransa. Jibu lilikuwa la kuogopesha. Mabawa mawili yalikuwa karibu mno. Ndege ikiinamisha pua kupita kiasi fulani, rubani alivuta fimbo ili aiinue. Lakini kwa kufanya hivyo, nyuma ya bawa la mbele ilishuka na kufinya nafasi iliyobaki juu ya bawa la nyuma. Upepo uliopita katika nafasi hiyo ndogo ukaongeza nguvu ya bawa la nyuma, mkia ukapanda, na pua ikashuka zaidi. Kadiri rubani alivyotafuta kujiokoa, ndivyo alivyozidi kuanguka.

Viongozi wa Uingereza waliondoa ruhusa ya kuruka, na Ufaransa nayo ikachukua hatua. Ndege ambazo watu walikuwa wamezijenga kwa miezi mingi, usiku kisha kazi, zilibaki zimefungwa garajini.

Mignet hakukimbia kazi yake. Alitenganisha mabawa, akarudia hesabu, na kutoa michoro mipya. Lakini jina la Chawa lilikuwa limekwisha kuharibika. Aliendelea na utafiti wake huko Marekani, na kisha vita vya pili vya dunia alifanya kazi Argentina, Japani na Moroko. Bibi yake Annette, aliyekuwa pamoja naye porini tangu majaribio ya kwanza, alikufa mwaka wa 1944.

Henri Mignet alikufa mwaka wa 1965 huko Ufaransa. Hakupata utajiri kwa ndege yake. Lakini ndege zenye mabawa mawili kufuatana na mawazo yake, yaliyosahihishwa, zingali zinajengwa na watu wa kawaida, na Chawa kadhaa wa miaka ya 1930 wanatunzwa katika nyumba za makumbusho.

Leo, katika inchi nyingi, mtu anayejijengea ndege nyumbani anapaswa kuikaguliwa na fundi wa serikali ao wa chama kinachotambuliwa, kuanzia buloni za injini hadi uzito wa mkia, mbele ya kuruka hata mara moja. Wajengaji wa Chawa wa kwanza walikuwa na kitabu na imani tu. Wale waliokufa mwaka wa 1936 ndio waliolipa bei ya ukaguzi huo.