Tippu Tip: Tumpime kwa Mizani ya Haki

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja takriban mwaka 1837. Misafara yake ya pembe za ndovu ilipita Tabora, ikavuka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hadi Manyema. Alimsaidia Livingstone mwaka 1867, akamsindikiza Stanley mwaka 1876, na mwaka 1887 akakubali uwali wa Stanley Falls chini ya Mfalme Leopold II. Alifariki Unguja mwaka 1905.

Ndugu Waislamu, tumezoea kumsifu kwa ujasiri wake na kwa maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili. Sifa hizo anastahiki. Lakini pembe zile zilibebwa na wapagazi pamoja na mateka waliotolewa vijijini mwao kwa bunduki. Surat al-Balad imeeleza kuwa njia ngumu ya wema ni kumwacha huru mtumwa; yeye alishika njia ya kinyume.

Tukimlaumu Leopold kwa damu ya Kongo, uadilifu watutaka tusimfichie aibu mwenzetu kwa kuwa tuliswali kibla kimoja. Miongoni mwa watoto wetu wa Temeke na Kinondoni wamo wajukuu wa Wamanyema. Tuwasimulie pia habari za waliobeba.

Wallahu a'lam.