Charles Dickens: Mtoto wa kiwandani aliyeiandalia Krismasi meza

Kila mwaka inapofika Desemba, jina la Charles Dickens husikika tena katika filamu, katika michezo ya jukwaani na katika mazungumzo kuhusu namna Waingereza wanavyosherehekea Krismasi. Wapo wanaosema yeye ndiye aliyeibuni sikukuu hiyo kama inavyofahamika leo. Hilo si kweli, kwani watu wa England walikuwa wakila na kunywa siku ya Krismasi karne nyingi kabla hajazaliwa. Alichofanya Dickens ni kuwafanya wenye uwezo waitazame meza ya Krismasi kwa macho ya mtu asiye na hakika kama atakula.

Katika makala haya tunafuatilia maisha ya mwandishi huyo, njaa aliyoijua akiwa mtoto, hadithi aliyoiandika kwa wiki sita, na meza ya nyumbani kwake ambayo haikuishia kama zile za vitabuni.

Deni la mkate

Dickens alizaliwa tarehe 7 Februari 1812 mjini Portsmouth, kusini mwa England, akiwa mtoto wa pili kati ya wanane. Baba yake, John Dickens, alikuwa karani katika ofisi ya malipo ya jeshi la majini. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kupenda wageni, lakini matumizi yake yalizidi mshahara. Familia ilipohamia London mwaka 1822, vitu vya nyumbani vilianza kwenda kwa mwenye duka la rehani kimoja baada ya kingine.

Mwanzoni mwa mwaka 1824 mambo yaliharibika kabisa. Charles, akiwa na miaka 12, alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha dawa ya viatu kilichoitwa Warren's, jengo bovu lenye panya, kando ya mto Thames. Kazi yake ilikuwa kufunika vikopo kwa karatasi, kuvifunga kwa uzi na kubandika lebo. Malipo yalikuwa shilingi 6 kwa wiki, wakati shilingi 20 zikifanya pauni moja.

Siku chache baadaye baba yake alikamatwa na kutiwa katika gereza la wadaiwa la Marshalsea. Aliyemshtaki alikuwa mwoka mikate, aliyekuwa akimdai pauni 40 na shilingi 10. Kwa mshahara wa mtoto wake, deni hilo lingechukua zaidi ya miaka miwili na nusu kulipika, hata kama asingekula chochote.

Mama na wadogo zake walihamia gerezani kwa baba, jambo lililoruhusiwa wakati huo. Charles alibaki nje, katika chumba cha kupanga, akijinunulia chakula mwenyewe. Baadaye alieleza kwamba asubuhi, akielekea kazini, alishindwa kupita milango ya maduka ambako keki za jana ziliuzwa kwa nusu bei, akatumia hapo pesa ya chakula cha mchana. Alizijua pia sehemu mbili zilizouza pudini. Moja iliuza pudini nzuri lakini ghali, nyingine iliuza ya bei nafuu, nzito, yenye zabibu kavu kubwa zilizokaa mbalimbali. Hali ya mfuko ndiyo iliyoamua aingie wapi.

Baba alitoka gerezani baada ya miezi mitatu hivi, lakini mtoto hakutolewa kiwandani mara moja. Baba alipokuja kumwondoa, mama alitaka arudishwe kazini. Dickens hakulisahau hilo hadi anakufa, na habari yenyewe aliificha. Miongoni mwa wachache aliowaamini ni rafiki yake, John Forster.

Hasira iliyozaa hadithi

Dickens alirudi shule kwa muda, akawa karani wa wanasheria, akajifunza hati mkato na kuwa mwandishi wa habari za Bunge. Mwaka 1836, mwaka aliomwoa Catherine Hogarth, riwaya yake ya The Pickwick Papers ilianza kutoka kwa sehemu kila mwezi na kumpa umaarufu.

Mwaka 1843, akiwa na miaka 31, alisoma ripoti ya tume iliyochunguza kazi za watoto katika viwanda na migodi ya Uingereza. Ripoti ilieleza watoto wadogo waliofanya kazi saa nyingi kuliko alizofanya yeye. Alifikiri kuandika kijitabu cha kuwatetea watoto wa maskini. Septemba alitembelea shule ya Field Lane mjini London, moja ya shule za hisani zilizofundisha watoto fukara wa mitaani. Oktoba alikwenda kuhutubia Manchester, mji wa viwanda. Akaona kijitabu kingesomwa na wachache, ila hadithi ingeingia majumbani.

Aliiandika kwa takriban wiki sita. A Christmas Carol, hadithi ya bahili Scrooge na karani wake Bob Cratchit, ilitoka tarehe 19 Desemba 1843, na nakala 6,000 za kwanza zikaisha kabla ya Krismasi. Kitabu kiliuzwa shilingi 5. Cratchit wa hadithini alilipwa shilingi 15 kwa wiki, kwa hiyo kununua kitabu kinachomhusu kungemla theluthi moja ya mshahara wake. Dickens aliwalenga wale waliokuwa na pesa ya kukinunua, yaani waajiri.

Bata wa Cratchit aliokwaje?

Sehemu inayokumbukwa zaidi katika hadithi hiyo ni chakula cha familia ya Cratchit. Kwa wasomaji wa leo inafaa kueleza chakula hicho kilivyopatikana.

Nyama yao ilikuwa bata bukini. Huyo ndiye alikuwa ndege wa Krismasi kwa watu wa kipato kidogo wa London, na wengi walimpata kwa kujiunga na vikundi vya akiba, mfano wa vikoba vya leo, ambako mtu aliweka senti chache kila wiki hadi Desemba. Bata mzinga, ambaye asili yake ni bara la Amerika, alikuwa mkubwa na wa gharama. Kabla ya reli, makundi ya bata mzinga yaliswagwa kwa miguu kutoka Norfolk hadi masoko ya London, safari ya wiki kadhaa.

Nyumba nyingi za maskini hazikuwa na tanuri. Kwa hiyo siku za Jumapili na Krismasi, waoka mikate waliposimamisha kazi ya mikate huku matanuri yao yakiwa bado na moto, watu walipeleka vyakula vyao kuokwa huko kwa malipo madogo. Ndivyo watoto wa Cratchit wanavyokwenda kumchukua bata wao. Dickens alikuwa amelipigania jambo hili tangu mwaka 1836, alipoandika kupinga muswada uliotaka kubana shughuli za siku ya Jumapili. Alisema sheria hiyo isingemgusa tajiri mwenye mpishi na jiko lake, bali ingemnyang'anya maskini chakula chake cha moto.

Na pudini? Huo ni mchanganyiko wa unga, mafuta ya ng'ombe, zabibu kavu, mayai, sukari na viungo, uliofungwa katika kitambaa na kuchemshwa kwa saa nyingi. Mama Cratchit anaichemsha katika chungu cha shaba cha kufulia nguo, ndiyo maana mvuke wake unanukia kama siku ya kufua. Viungo vya pudini havikuota England. Miaka hiyohiyo Zanzibar ya Sayyid Said ilikuwa ikipanda hadi kuwa mzalishaji mkubwa wa karafuu duniani, kwa kazi ya watumwa, na katika meza ya Cratchit hakuna anayewakumbuka.

Dickens haoni aibu kuonyesha kwamba chakula hicho ni kidogo. Bata anatosha kwa sababu watu wamejaziliza kwa viazi na mchuzi wa matufaa. Pudini ni ndogo kwa familia kubwa namna ile, na kila mmoja anajizuia kusema hivyo. Mtu ambaye hajawahi kuhesabu senti mlangoni mwa duka la pudini asingekiona kimya hicho.

Meza ya nyumbani

Kitabu hakikumletea utajiri aliotarajia. Yeye mwenyewe aligharimia uchapaji, akataka jalada zuri na picha za rangi, hivyo nakala za kwanza zilimpa faida ya pauni 230 tu badala ya 1,000 alizotegemea. Wachapishaji walioiba hadithi aliwashinda mahakamani, lakini walitangaza kufilisika, na gharama za kesi, takriban pauni 700, zikamwangukia yeye.

Hilo halikumwondolea furaha ya sikukuu. Wakati wa Krismasi ya mwaka 1843, katika sherehe ya watoto nyumbani kwa rafiki, alifanya mazingaombwe. Alimimina unga na mayai mabichi ndani ya kofia ya mwanamume, na muda mfupi baadaye akatoa humo pudini iliyoiva, ikifuka moshi. Nyumbani kwake kilele cha sikukuu kilikuwa tarehe 6 Januari, siku ya kumi na mbili baada ya Krismasi, ambayo pia ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mtoto wake wa kwanza. Rafiki yao tajiri, Angela Burdett-Coutts, alileta keki kubwa kila mwaka.

Catherine alizaa watoto 10. Mwaka 1851 alitoa kitabu cha mapishi, kwa jina la kubuni, chenye orodha za vyakula vya kuandalia wageni, kuanzia wawili hadi 18. Karamu ambazo Dickens alisifiwa kwazo zilipangwa na mke wake.

Mwaka 1858 Dickens aliachana na Catherine, baada ya kumpenda mwigizaji kijana, Ellen Ternan. Alimpa nyumba na pauni 600 kwa mwaka, na akatangaza kutengana kwao katika jarida lake mwenyewe. Mtoto wa kwanza alikwenda kuishi na mama. Wengine walibaki kwa baba, na dada yake Catherine, Georgina, akaendelea kusimamia nyumba. Kuanzia hapo, katika Krismasi za nyumba ya Gad's Hill huko Kent, wageni walijaa na michezo ikachezwa, lakini mama wa watoto hakuwapo mezani. Maelfu ya familia zilisoma vitabu vyake kama mafunzo ya upendo wa nyumbani, na yeye aliendelea kuwasomea.

Krismasi ya mwisho

Usomaji huo ulianza Birmingham mwezi Desemba 1853. Mojawapo ya siku hizo aliomba iwe ya wafanyakazi, kwa kiingilio cha bei ya chini. Baadaye alizunguka Uingereza na Marekani akisoma, hadi afya yake ikadhoofika.

Desemba 1869, meneja wake wa ziara, George Dolby, alimtumia kwa treni bata mzinga wa ratili 30, yaani kilo 13 na ushei. Behewa likashika moto njiani. Mabaki ya nyama iliyoungua yaliuzwa kwa watu wa mji wa Reading, peni 6 kwa fungu. Dickens alipoujua ukweli aliwaandikia watu wa reli kwamba hana kinyongo.

Krismasi hiyohiyo familia ilicheza mchezo wa kumbukumbu. Kila mmoja aliongeza maneno yake, na anayefuata alipaswa kurudia yote tangu mwanzo. Zamu ya Dickens ilipofika, alitaja jina la kiwanda cha dawa ya viatu na anwani yake. Mwanawe Henry aliona macho ya baba yake yakimeta na sauti ikibadilika, lakini hakuna mtoto yeyote aliyejua maana ya maneno yale. Wakaendelea kucheza.

Machi 1870 Dickens alisoma hadharani mjini London kwa mara ya mwisho, na hadithi ya Scrooge ilikuwamo. Alifariki dunia tarehe 9 Juni mwaka huo, akiwa na miaka 58, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey. Mwaka uliofuata sheria mpya iliifanya siku ya pili ya Krismasi kuwa mapumziko ya benki, na polepole wafanyakazi wengine nao wakaipata.

Kisha Forster akachapisha kitabu cha maisha ya rafiki yake, kikiwa na habari yote ya kiwanda, gereza na maduka ya pudini. Ndipo Henry alipoyaelewa maneno aliyoyasikia katika mchezo ule wa Krismasi.